Mirija ilifungwa, sasa unataka mtoto: mwongozo kamili kwa mkazi wa Nairobi

Mwanamke aliyefungwa mirija hajapoteza mayai yake. Ovari zinaendelea na kazi, hedhi inakuja kama kawaida, na kila mwezi yai linapevuka, linakosa njia, linafyonzwa na mwili. Kilichokatika ni njia tu. Kwa hiyo tiba za kweli ni mbili: kuiunganisha njia upya kwa upasuaji, au kuiruka kabisa kwa IVF, ambapo yai hutungishwa maabara na kiinitete hurudishwa kwenye mji wa mimba.

Tunalisema mapema kwa sababu jiji hili limejaa vibandiko kwenye nguzo za stima vinavyotangaza kuzibua mirija. Mitishamba, kukandwa tumbo na kufukizwa mvuke havirudishi kipande kilichokatwa. Kusukuma dawa kwa sindano kupitia mlango wa kizazi, hata kama anayefanya hivyo amevaa koti jeupe, hakufungui mrija uliokatwa na kushonwa. Clomid za duka la dawa nazo hazina maana hapa, maana kazi yake ni kupevusha yai, na lako halikuwa na shida hiyo. Vivyo hivyo kupandikiza shahawa kwenye mji wa mimba: mbegu zitafika kwenye mlango uleule uliofungwa na kuishia hapo.

Kabla ya kumwona daktari wa upasuaji: karatasi, mayai, manii

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya upasuaji. Anza na mambo matatu haya, kwa sababu jibu baya kwenye mojawapo linaweza kuubadilisha mpango mzima, na yote matatu hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya thieta.

Karatasi ni maelezo ya operesheni uliyofungwa nayo. Nenda ofisi ya rekodi ya hospitali ile ukiwa na kitambulisho, namba yako ya mgonjwa ukiwa nayo, na mwaka. Omba maelezo ya thieta. Usiridhike na karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu mara nyingi imeandikwa "BTL done", yaani mirija imefungwa, na basi. Kama ulifungwa wakati wa kujifungua kwa upasuaji, maelezo yako ndani ya ripoti ya upasuaji huo, kwa kawaida mistari ya mwisho. Faili ikiwa imepotea, uliza daftari la thieta, ambalo huwekwa mbali na mafaili ya wagonjwa. Kama vipande vya mirija vilipelekwa maabara, ripoti yake inaweza kutaja urefu wa kilichotolewa, na hiyo ni dhahabu. Ukizungushwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako mwenyewe. Andika ombi kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mrija mzima una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Upande wa mji wa mimba ni mwembamba, tundu lake likiwa milimita moja hivi. Katikati unapanuka, na hapo ndipo mbegu na yai hukutana. Mwishoni kuna vidole laini vinavyolidaka yai likitoka kwenye ovari. Unaposoma ripoti unatafuta mambo mawili: kipande gani kimeharibiwa, na kimebaki kiasi gani.

Ukikuta "Filshie", ni klipu. Hubana chini ya sentimita moja, na ndiyo habari njema kuliko zote. "Falope" au "ring" ni pete ya mpira, nayo huharibu sentimita 2 hadi 3. "Pomeroy" na "Parkland" ni kufunga kwa uzi na kukata, njia ya kawaida kwa waliofungwa kwa tundu dogo chini ya kitovu au mara baada ya kujifungua. Nafasi ya kuunganishwa ni nzuri ikiwa hawakukata kipande kirefu. "Cautery" au "diathermy" ni kuchomwa kwa umeme, na hapo tahadhari, kwa sababu moto huenda mbali kuliko jicho linavyoona na mara nyingi mrija huchomwa sehemu zaidi ya moja. "Irving" ina maana ncha ya mrija ilizikwa kwenye ukuta wa mji wa mimba, kazi ngumu kuifungua. "Fimbriectomy" ina maana vile vidole vya kudaka yai vilikatwa. Unaweza kufunguliwa tundu lakini mdakaji hayupo, na wanaoshika mimba ni wachache.

Neno la kuogopa ni "salpingectomy". Hapo mirija imetolewa yote. Siku hizi madaktari wengi huipendelea kwa sababu inapunguza hatari ya saratani ya ovari, hivyo usidhani kufungwa kwa karibuni ni rahisi zaidi kufunguliwa. Ukilikuta neno hilo kwa pande zote mbili, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya IVF.

Karatasi isipopatikana kabisa, picha ya eksirei yenye dawa ya rangi, inayojulikana kama HSG, itaonyesha urefu wa kisiki cha upande wa mji wa mimba. Haionyeshi upande wa pili. Wa kuumaliza ubishi ni kamera ya laparoskopi. Wapo pia wanawake ambao hawakujua kama walifungwa, au walisaini fomu wakiwa katika uchungu. Mahakama Kuu jijini Nairobi imeshaamua kwamba wanawake wanaoishi na HIV waliofungwa mirija bila ridhaa ya kweli walivunjiwa haki zao. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, tafuta faili kwanza kwa ajili ya tiba, lakini ihifadhi pia kwa ajili ya wakili. Na kwa anayejiuliza: kuishi na HIV hakukuzuii njia yoyote kati ya hizi mbili, mradi dawa zimekandamiza virusi.

Mayai hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kipimo cha damu cha AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai, siku yoyote ya mwezi. Ya pili ni altrasaundi ya ukeni siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, ambapo daktari anahesabu vifuko vidogo vya mayai kwenye kila ovari. AMH chini ya 1.0 ng/ml ni akiba ndogo, na vifuko chini ya 5 hadi 7 kwa ovari zote mbili ni vichache. Angalia kizio kwenye karatasi ya maabara. Maabara nyingine huandika pmol/L, na 1 ng/ml ni sawa na takriban 7.14 pmol/L, kwa hiyo mtu mwenye "5" anaweza kufurahia bure. Kingine kinachosahaulika: AMH inakuambia wingi tu. Ubora wa yai unafuata umri, na hakuna kirutubisho cha kwenye chupa kilichothibitika kuurudisha nyuma.

Manii ndiyo kipimo kinachorukwa zaidi, kwa sababu mzee ana watoto wengine au kwa sababu anaona haya. Mtoto wa miaka 12 ni ushahidi wa miaka 13 iliyopita. Ajizuie siku 2 hadi 7, akojoe kwanza, anawe, kisha atoe sampuli bila kondomu wala mafuta. Akiitoa nyumbani lazima ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe. Kwa msongamano wa Thika Road asubuhi, tunashauri atoe palepale maabara. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 zinazojongea, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Matokeo yakiwa mabaya, rudia baada ya miezi mitatu, kwani mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa kali ya mwezi jana inaweza kuwa ndiyo chanzo.

Pamoja na hayo fanya altrasaundi ya mji wa mimba kutafuta fibroidi, hasa zinazoingia ndani ya tundu lake, ambazo huzuia kiinitete kujishikiza katika njia zote mbili. Mweleze daktari kama uliwahi kuugua kifua kikuu. Kinaweza kuathiri mirija na utando wa mji wa mimba kimyakimya, na kuunganisha mirija yenye ugonjwa huo ni kupoteza pesa.

Njia ipi?

Kama uko chini ya miaka 38, ulifungwa kwa klipu, pete au Pomeroy, manii ni nzuri, na unataka zaidi ya mtoto mmoja, tungeegemea upasuaji. Unalipa mara moja, kisha kila mwezi ni nafasi mpya bila sindano. Unawafaa pia wale ambao imani yao haikubali mimba ya maabara, na Nairobi hao si wachache.

Ukiwa na miaka 40 na zaidi, hesabu inageuka. Mirija ikiunganishwa utahitaji mwaka hivi wa kujaribu, na mwaka huo ndio mali uliyo nayo chache zaidi. IVF inatumia miezi miwili au mitatu na kukupa jibu. Manii hafifu nayo inasukuma kuelekea IVF bila kujali umri, kwa kuwa maabara inaweza kuchoma mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, utaratibu uitwao ICSI. Kati ya miaka 38 na 40 ndipo pagumu, na hapo AMH inaamua: ikiwa chini, usisubiri.

Tungemshuku daktari anayekupendekezea upasuaji kabla ya kuona karatasi ya manii. Vivyo hivyo kliniki ya IVF isiyokutajia kabisa kwamba upasuaji upo.

Upasuaji wa kuunganisha mirija, hatua kwa hatua

Chagua mikono kwanza. Kazi hii ni ya kushona kitu chembamba kama tambi, na si kila daktari wa wanawake anaifanya mara kwa mara. Hakikisha leseni ya daktari na ya kituo kwenye rejista ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, kisha muulize ana kwa ana: umefanya ngapi katika miezi 12 iliyopita, na wangapi wamejifungua, si kushika mimba tu? Unatumia hadubini ya upasuaji au miwani ya kukuza? Uzi wa namba gani? Ukifungua tumbo na kukuta mirija haiungiki, utafanya nini, na nitalipa kiasi gani? Uzi unaofaa ni 7-0, 8-0 au mwembamba zaidi, na 8-0 ni mwembamba kuliko unywele. Akikuambia atatumia ule wa kushonea ngozi, mshukuru, uondoke.

Siku hupangwa baada ya hedhi kukauka na kabla ya yai kupevuka, takriban siku ya 6 hadi ya 12 ya mzunguko, ili kusiwe na mimba changa. Hata hivyo kipimo cha mimba hufanywa. Damu ipimwe wingi wake na kundi; hemoglobini ikiwa chini ya 10 irekebishwe kwanza kwa vidonge vya chuma. Uzito mkubwa sana unafanya tundu dogo lisitoshe, na madaktari wengi watakuomba upungue kwanza. Anza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku sasa hivi, usingoje mimba. Usile kwa saa 6 kabla ya thieta. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla.

Thieta huchukua saa moja na nusu hadi tatu. Daktari makini huanza kwa kuchungulia na kamera: vidole vya mwisho vipo? Mshikamano wa makovu ni kiasi gani? Ikionekana haifai, anaishia hapo ukiwa na vidonda vidogo tu. Ikifaa, ama anaendelea kwa kamera, ama anakata sentimita 5 hadi 8 juu ya mfupa wa kinena, mara nyingi juu ya kovu la zamani. Kovu kwenye ncha za mrija hukatwa kidogo kidogo mpaka tishu yenye afya na tundu wazi vionekane. Dawa ya buluu husukumwa kupitia mlango wa kizazi kuhakikisha upande wa mji wa mimba unapitisha. Ncha mbili husogezwa pamoja kwa mshono wa chini kwanza ili kuondoa mvutano, halafu mishono mitatu hadi minne kuzunguka tundu, kama saa 12, 3, 6 na 9, ikishika misuli bila kuingia kwenye utando wa ndani. Ngozi ya nje hushonwa mwisho, kisha buluu husukumwa tena. Ikichuruzika kwenye vidole vya mwisho, mrija umefunguka. Wakati wote tishu hulowanishwa kwa maji ya chumvi, maana mrija uliokauka chini ya taa za thieta huota makovu.

Omba uandikiwe urefu wa kila mrija uliobaki. Zaidi ya sentimita 4 ndicho kiwango cha chini ambacho wengi hukitaka. Chini ya hapo nafasi hushuka sana. Kuunganisha sehemu nyembamba kwa nyembamba hutoa matokeo bora, kwa kuwa matundu yanalingana.

Utakaa hospitalini siku moja au mbili. Nyumbani, tatizo la Nairobi ni maji. Mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne umefungua mishono ya watu wengi. Panga mtu wa kukubebea kwa wiki 4 hadi 6. Kutembea taratibu kuanzia siku ya kwanza ni lazima, kunazuia damu kuganda miguuni. Rudi hospitali mara moja ukipata homa ya zaidi ya digrii 38, usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au tumbo kuwa gumu.

Tendo la ndoa linaweza kurudi baada ya wiki 3 au 4. Madaktari wengi huruhusu kujaribu baada ya hedhi moja hadi tatu. Mkijaribu, kila siku mbili kuanzia siku ya 10 hadi ya 18 inatosha kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hakuna haja ya kugeuza nyumba maabara.

Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 42 na 69 ya wanaounganishwa hushika mimba, wengi ndani ya mwaka mmoja na nusu. Walio chini ya miaka 35 wakiwa na mirija mirefu wako juu ya hapo. Waliovuka 40 wako chini, na mimba zao huharibika zaidi. Miezi 6 ikipita bila kitu, fanya HSG. Ikionyesha mirija imeziba tena, usirudie upasuaji, nenda IVF. Ikiwa wazi na uko chini ya miaka 37, unaweza kujipa miezi mingine sita.

IVF kwa aliyefungwa mirija

IVF ilibuniwa kwa tatizo hilihili. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, alizaliwa Uingereza Julai 1978 kwa mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, hapa Nairobi, na leo jiji lina kliniki kadhaa. Aliyefungwa mirija ni mgonjwa mwenye bahati katika IVF, kwa kuwa wengi wao walizaa bila shida hapo awali.

Kitu kimoja kichunguzwe kabla: mrija uliojaa maji. Altrasaundi ikionyesha soseji yenye maji kando ya ovari, maji hayo hurudi kwenye mji wa mimba na kupunguza nafasi ya kiinitete kujishikiza kwa karibu nusu. Mrija huo hutolewa au kubanwa kwa kamera kwanza. Anayekuambia tupandikize tu tuone anacheza kamari na pesa zako.

Mzunguko wenyewe huanza siku ya 2 au ya 3 ya hedhi. Unajidunga sindano ya FSH, homoni ya kukuza mayai, chini ya ngozi ya tumbo kila jioni saa ileile, kwa kawaida uniti 150 hadi 300, kwa siku 8 hadi 14. Kuanzia siku ya 5 au ya 6 inaongezwa sindano ya pili ya miligramu 0.25 ya kuzuia mayai kutoka kabla ya wakati. Katika kipindi hiki utakwenda kliniki mara 3 hadi 5 kwa altrasaundi na damu. Anayetoka Machakos au Nakuru afikirie kukaa kwa ndugu jijini kwa wiki mbili. Sindano nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea, ziweke kwenye flaski yenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na kamwe zisiguse barafu wala kuingia friza, kwani homoni ikiganda imeharibika.

Vifuko vitatu au zaidi vikifika milimita 17 au 18, unapewa sindano ya kuivisha. Hapa ndipo makosa ya kijinga hutokea. Muda wake huandikwa kwa dakika, tuseme saa nne na nusu usiku, na mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukijidunga saa mbili baadaye, mayai yanaweza kuvunwa yakiwa mabichi. Ukijidunga mapema mno, yatakuwa yameshatoka. Weka kengele mbili kwenye simu, na kengele ya tatu kwa mtu mwingine ndani ya nyumba.

Kuvuna huchukua dakika 15 hadi 30, ukiwa umelazwa kwa dawa, kwa sindano ndefu kupitia ukeni ikiongozwa na altrasaundi. Mwenzako hutoa manii asubuhi hiyohiyo. Kama kazi yake ni ya safari, agandishe sampuli ya akiba mapema. Usirudi nyumbani kwa boda wala peke yako.

Hesabu hupungua kila hatua, na kliniki nyingi hazimwandai mtu kwa hilo. Mayai 12 si ajabu kutoa 9 yaliyokomaa, 6 yaliyotungika, na viinitete 2 au 3 vinavyofika siku ya tano. Kiinitete kimoja hurudishwa kwa mrija laini ukiwa na kibofu kilichojaa, bila ganzi, kwa dakika chache. Kulala kitandani wiki nzima baada ya hapo hakusaidii, rudi kazini. Pinga shinikizo la kuweka viwili au vitatu ukiwa kijana, hasa kama mji wa mimba una makovu ya kujifungua kwa upasuaji, kwani mapacha juu ya kovu ni mzigo wa hatari. Vilivyobaki hugandishwa. Utaendelea na projesteroni ya kuweka ukeni hadi wiki ya 8 au 10 ya mimba. Kipimo ni cha damu, siku 10 hadi 14 baada ya kuweka. Kijiti cha mapema kinaweza kudanganya kwa sababu sindano ya kuivisha ni homoni ileile ya mimba.

Tishio la kuangalia ni ovari kuchochewa kupita kiasi, hasa kwa mwenye AMH ya juu. Uzito kupanda zaidi ya kilo moja kwa siku, tumbo kujaa, mkojo kupungua, kuhema: piga simu usiku huohuo, usingoje kliniki ifunguliwe. Kinga yake ni kubadilisha sindano ya kuivisha na kugandisha viinitete vyote mpaka mwezi mwingine.

Kuhusu nafasi: kwa takwimu za Uingereza za miaka ya karibuni, kiinitete kimoja huleta mtoto takriban mara 1 kati ya 3 kwa walio chini ya miaka 35, na mara 1 kati ya 20 kwa wenye 43 au 44 wanaotumia mayai yao. Kwa kundi hilo la pili, yai la mfadhili hurudisha nafasi karibu na ile ya mfadhili mwenyewe. Ni mazungumzo mazito ya ndoa na ukoo, yafanyike kabla ya kulipa, si baada ya kushindwa mara mbili.

Pesa

Mzunguko mmoja wa IVF Nairobi ni laki kadhaa za shilingi. Upasuaji kwa kawaida ni nafuu kuliko huo, ila haurudishi pesa ukikwama. Usipange ukitegemea SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wala bima ya kazini, mpaka upewe jibu kwa maandishi. Bima nyingi huweka matibabu ya ugumba na ya kufungua mirija kwenye orodha ya wasivyolipia.

Ukipewa bei ya kifurushi, uliza vilivyo nje yake. Mara nyingi ni dawa za sindano, ambazo peke yake ni sehemu kubwa ya gharama, pamoja na ICSI, daktari wa usingizi, kugandisha, ada ya kila mwaka ya kuhifadhi viinitete, na mzunguko wa pili wa kuweka vilivyogandishwa. Uliza pia unarudishiwa nini mzunguko ukisitishwa kwa mayai kuwa machache. Lipa kwa paybill ya hospitali, si kwa namba ya simu ya mtu, na weka kila risiti. Wanaokopa kwenye sacco wakope kwa mizunguko miwili, au wakubaliane mapema kwamba ni mmoja tu.

Kipimo kikiwa chanya

Usisubiri kliniki ya wiki ya 12. Mrija uliounganishwa una kovu, na kiinitete kinaweza kukwama hapo. Mimba nje ya mji wa mimba hutokea kwa takriban asilimia 4 hadi 8 baada ya upasuaji huu. Baada ya IVF ni chache zaidi, lakini zipo. Siku hedhi inapochelewa, pima. Ikiwa chanya, fanya kipimo cha damu cha beta hCG, homoni ya mimba, na ukirudie baada ya saa 48 kwenye maabara ileile. Mwanzoni namba inapaswa kupanda kwa karibu nusu au zaidi. Ikipanda kidogo au kusimama, ni onyo. Altrasaundi ya ukeni katika wiki ya 6 ndiyo inayoonyesha mfuko uko wapi. Ikigunduliwa mapema, sindano ya methotrekseti mara nyingi hutosha na mrija unaokolewa.

Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, matone ya damu, kizunguzungu, au maumivu ya bega yasiyo na sababu ni dharura. Nenda hospitali yenye thieta na damu ya kuongezwa, na sema neno hili mlangoni: niliunganishwa mirija. Bila hilo unaweza kuachwa kwenye foleni ukidhaniwa una vidonda vya tumbo.

Mimba ikikaa mahali pake, inafuatwa kama nyingine yoyote. Kuunganishwa mirija peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji, isipokuwa mrija ulipandikizwa upya kwenye ukuta wa mji wa mimba, jambo ambalo ripoti ya thieta itasema. Aliyeunganishwa na kuridhika na idadi ya watoto asisahau kwamba njia sasa iko wazi: aamue kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini kama atawekewa kipandikizi cha mkononi au koili, maana mwenzake wa IVF hana hofu hiyo, yeye anayo.